Prado ya dizeli ya 2008, dashibodi inasoma 162,000: nichukue au niiache?

#1 mkulima_mufindi

Wakuu heshima kwenu.

Naomba mnisaidie kuamua, maana hii hela nimeikusanya muda mrefu na ikipotea hapa sina akiba nyingine.

Kazi yangu iko Dodoma ila shamba la parachichi liko Mufindi, ndani huko ukishapita Mafinga. Wikiendi nyingi nashika njia ya Mtera, napanda Nyang'oro, Iringa, Mafinga halafu naacha lami. Mpaka Mafinga tu ni kama kilometa 340. Gari niliyonayo ni ndogo ya petroli, kiangazi inafika vizuri, masika naiacha Mafinga kwa mtu namalizia na bodaboda nimepakata dawa za shamba, na kiukweli nimechoka.

Sasa nimepata Prado 120 ya mwaka 2008, injini 1KD ile 3.0 D-4D, otomatiki, siti saba, ilitokea Uingereza, iko Dar, namba D za mwisho mwisho. Muuzaji ni mzee mmoja mstaafu anataka milioni 52, dalali ananiambia nikifika na hela mkononi 49 inatoka. Rangi ni ileile ya kiwandani, ndani safi, nimeiwasha mara moja tu ikaitika, nikazunguka nayo mtaani nikaona ina nguvu.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba watu wawili ofisini wameniambia dizeli za siku hizi zikishatembea sana zikianza kudai zinamaliza mtu, bora nichukue ya petroli 2.7 hata kama inakunywa. Na hiyo 162,000 sijui niione ni nyingi au ya kawaida. Naombeni hoja wakuu, hasa kwa aliyeimiliki au anayezitengeneza.

#2 kaka_wa_Kibaha

Na mimi naitafuta hiyohiyo, ngoja waje wajuzi nimekaa hapa.

#3 petroli_daima

Mkuu iache. Nakuambia kama ndugu. 2TR ile ya 2.7 ina cheni haina mkanda wa taiming, haina tabo, haina pampu ya presha kubwa, haina nozeli (vile vinyunyizio vya dizeli) za bei mbaya. Ukiiwekea oili na plagi na ukiangalia maji inakwenda tu, na fundi yeyote wa Mafinga anaijua. Hiyo 1KD ikigoma shambani kule nani ataifungua? Utaibeba kwenye lori mpaka Iringa au Dar. Dizeli ya zamani ile 1HZ ya kwenye hardtop ungeniambia ningekuunga mkono, hiyo haina kompyuta ya kusumbua. Komon reli, yaani dizeli hizi za presha kubwa na kompyuta, iliyotembea 160,000 na hujui ilitunzwaje, hapana.

#4 fundi_pampu_gerezani

Mleta uzi kabla hatujafika mbali, hiyo 162,000 ni kilometa au maili? Umesema ilitokea Uingereza. Angalia spidomita, kama namba kubwa za nje ni MPH na zile ndogo za ndani ndiyo km/h basi odo inahesabu maili. Wengi wanaoleta gari kutoka kule hawabadilishi, na tangazo linaandikwa kilometa kwa sababu Bongo tunazungumza kilometa.

#5 mkulima_mufindi

Mkuu nimerudi kwenye picha alizonitumia dalali. Namba kubwa ni MPH kweli, na pembeni ya odo kuna neno "miles" kwa herufi ndogo. Asante sana kwa kuuliza. Kwahiyo imetembea ngapi?

#6 fundi_pampu_gerezani

Zidisha kwa 1.609. Inakuja 260,000 na ushee kilometa. Hiyo ndiyo gari unayonunua, ya laki mbili na sitini. Bei ya 52 imewekwa kwa gari ya laki moja na sitini, hapo tayari una neno la kumwambia muuzaji. Sisemi mzee anakudanganya, inawezekana na yeye aliambiwa hivyo.

Sasa nikujibu swali lako lenyewe. 1KD ya laki mbili na sitini sio maiti. Mimi nafungua hizi injini na nakuhakikishia nimekutana na ya laki nne silinda bado nzuri na nimekutana na ya laki moja na nusu ikiwa imeshakufa. Namba ya kwenye odo inakwambia vitu gani vinatakiwa viwe vimeshabadilishwa, basi. Swali la kumuuliza muuzaji sio imetembea ngapi, ni vipi vimebadilishwa, lini, na risiti iko wapi.

Cha kwanza nozeli. Hii injini ugonjwa wake mkubwa unaanzia kwenye washa ndogo zinazokaa chini ya nozeli, pale nozeli inapokalia hedi. Washa ikichoka moshi wa kwenye silinda unapenya unapanda juu kwenye kava ya tapeti, unachanganyika na oili, unatengeneza masizi magumu. Yale masizi yanashuka na oili mpaka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), yanakwenda kuziba lile chujio la waya ambalo pampu ya oili inanyonyea. Oili haipandi, metali zinasaga, injini imekwisha. Na mwenye gari anakuambia oili ilikuwepo, na kweli ilikuwepo, ila ilikuwa imelala chini. Hiki ndicho kinachoua hizi injini kuliko kitu kingine chochote na dawa yake ni ndogo ukiwahi.

Kwahiyo ukienda kuikagua, injini ikiwa inasailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) fungua kifuniko cha kumwagia oili, kiweke juu ya tundu bila kukaza. Kikitulia vizuri. Kikirukaruka na moshi unapuliza pwu pwu pwu kuna upepo unaotoka kusikotakiwa, ama ni washa za nozeli ama ringi za pistoni. Pia angalia taa nyekundu ya oili ukiwasha asubuhi, itazame izime upesi. Ikichelewa, hata kama ni sekunde chache tu, usiipige resi hata kidogo, zima.

Cha pili isome kwa mashine. Sio mashine ya kufuta taa, mashine inayoonyesha marekebisho ya kila nozeli, nne zote. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa namba zikae karibu na sifuri. Nozeli inayovuka 3, iwe juu au chini, mimi nahesabu imechoka, na nozeli inayomwaga dizeli kupita kiasi ndiyo inayotoboa pistoni. Na ukifunga mpya lazima namba zilizochorwa kwenye nozeli ziingizwe kwenye kompyuta ya gari, fundi akikwambia hakuna haja mwache.

Cha tatu mkanda wa taiming. Hizi zina mkanda, nyingi unabadilishwa kila kilometa 150,000, zile za soko la Japani 100,000. Ikifika taa ya T-BELT inawaka, ila hiyo taa inazimwa kwa kubonyeza vitufe tu bila mkanda kuguswa, kwahiyo taa kutowaka sio ushahidi. Mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Kwa hesabu ya maili, wako ulitakiwa ubadilishwe kwenye 93,000. Hakuna risiti? Hesabu kwamba haujabadilishwa.

Na la mwisho kwa leo maana nina gari la mtu juu ya jeki: lazima uikute BARIDI. Mwambie mzee asiiwashe mpaka ufike. Shika boneti na rejeta kwa mkono, ikiwa ya vuguvugu ondoka urudi siku nyingine. Dizeli iliyopashwa kabla hujafika inaficha karibu kila kitu, na wewe unaipeleka Mufindi ambako mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi kweli, hita plagi mbovu na kompresheni iliyochoka kule vitajulikana siku ya kwanza.

#7 msafiri_tunduma

Fundi umemaliza, niongeze kidogo kwa upande wa barabara. Mimi kazi yangu ni Dar–Tunduma na watu wananishangaa nanunua gari zilizotembea. Kilometa za barabara ndefu haziumizi dizeli. Injini inapata joto lake, inazunguka taratibu, tabo inafanya kazi kwa utulivu, inapoa kwa mpangilio. Gari ya laki tatu iliyoishi njia kuu inaweza kuwa nzima kuliko ya laki moja iliyoishi Kariakoo inazimwa na kuwashwa kila dakika kumi, masizi yanajaa kwenye EGR (valvu inayorudisha moshi kwenye injini) mpaka kwenye manifoldi. Kwahiyo muulize hizo maili zilitembelewa wapi.

Na usiishie kuzunguka mtaani. Itafutie mlima na uipande ukiwa na watu ndani na AC imewashwa. Mtaani hata injini inayokufa ina nguvu. Kwenye mlima utaona moshi kwenye kioo cha nyuma, utaona geji ya joto kama inanyanyuka, utasikia giaboksi kama inateleza ikibadilisha.

#8 wa_Nakuru

Habari ndugu zangu wa Bongo, mimi nawasoma kutoka Nakuru. Hizi injini za KD huku ndizo zinabeba watu, Hiace za matatu zina 2KD na 1KD, na zinatembea kutoka alfajiri mpaka usiku kila siku ya Mungu. Makanga atakuambia zinafika mbali sana bila kufunguliwa. Lakini mwenye matatu anabadilisha oili bila kuruka, anajua gari ikilala siku moja watoto hawali. Gari ya nyumbani haina mtu wa kuichunga hivyo, oili inaachwa inapita hadi elfu kumi na tano mtu akisema gari haina shida. Huo ndio utofauti, injini ni moja.

Halafu spea usinunue feki. Hata huku kwetu, Grogan ya Nairobi kwenye maduka ya spea, ukiingia bila makanika unayemwamini utauziwa nozeli iliyooshwa tu na kupakwa rangi.

#9 mbongo_uingereza

Mleta uzi mimi niko huku, naweza kukusaidia kitu kimoja na ni bure. Gari za Uingereza zikishafika miaka mitatu zinakaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaitwa MOT, na kila ukaguzi unaandika maili na kasoro. Kumbukumbu ziko wazi kwenye tovuti ya serikali, unaingiza namba ya usajili tu. Mwombe mzee nakala ya makaratasi yaliyokuja na gari, au angalia vioo na kijitabu cha huduma, mara nyingi namba ya Uingereza imeandikwa. Nitumie PM nitakuangalizia sasa hivi, au fanya mwenyewe hata kwa simu.

Na usiogope kwamba dizeli zinatoka huku kwa sababu ni mbovu. London walianza ULEZ (eneo la kutoza gari zinazochafua hewa) katikati ya mji Aprili 2019, wakaitanua Oktoba 2021, Agosti 2023 ikafunika mitaa yote ya London. Dizeli isiyofika kiwango cha moshi cha Euro 6 inalipa pauni 12.50 kila siku inapoingia barabarani, na Prado ya 2008 haifiki, ingawa huku hawaiiti Prado ni Land Cruiser tu. Miji mingine nayo imeweka ya kwao. Mtu ana gari nzima kabisa lakini hawezi kukaa nayo, ndiyo zikaanza kupanda meli. Ninachokuonya mimi ni KUTU. Huku majira ya baridi barabara zinamwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, chumvi inakula chasisi kwa chini. Juu gari inang'aa, chini unaingiza bisibisi inapita. Lazima uingie chini na tochi na nyundo ndogo, gonga reli za chasisi hasa nyuma juu ya ekseli, na mabomba ya breki uyaangalie kwa urefu wote. Kama wamepaka rangi nyeusi mpya huko chini, ongeza mashaka.

#10 mkulima_mufindi

Nimekutumia PM mkuu, namba nimeipata kwenye kijitabu cha huduma, mzee katoa ushirikiano mzuri tu.

#11 mbongo_uingereza

Nimeangalia. Maili zinapanda kila mwaka bila kurudi nyuma, kumi na moja elfu, kumi na tatu elfu, hivyo hivyo. Ukaguzi wa mwisho ni 2020 na ilikuwa na maili 141,300. Kwahiyo odo haijachezewa huku, na Bongo imetembea kama maili 20,700. Ukaguzi wa miaka mitatu ya mwisho wameandika kutu ya juu juu kwenye chasisi nyuma, haikufelishwa lakini imetajwa kila mwaka, hiyo kaiangalie. Kijitabu kina mihuri mpaka maili 88,000 halafu kimya.

#12 fundi_pampu_gerezani

Safi sana. Sasa ona, mihuri inaishia 88,000 na mkanda ulitakiwa 93,000. Hapo ndipo mwenye gari wa kwanza alipoiuza, huwa wanaiuza kabla ya gharama kubwa. Mkanda hesabu ni wako.

Na mimi hizo maili 141,000 za Uingereza hazinitishi, zinanitisha hizi 20,000 za Dar. Mzee mstaafu, gari inakwenda kanisani au msikitini na sokoni inarudi, inakaa wiki nzima. Kama alisema moyoni haitembei sana acha oili ikae, hapo ndipo masizi yalipojijenga.

#13 hesabu_kwanza

Jamani mbona hakuna aliyepiga hesabu? Mimi ni mwanamke wa namba acha nimsaidie kaka yetu.

Kwenda na kurudi na mizunguko ya shamba tuseme kilometa 700. Dizeli hiyo safari ndefu inakupa kilometa 10 kwa lita bila kuibana sana, ni lita 70. Ya petroli 2.7 tukiwa wakarimu 7.5, ni lita 93. Tofauti lita 23. Chukulia mafuta yote 2,800 kwa lita, EWURA (wadhibiti wa bei za mafuta) wanabadilisha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kwahiyo weka ya kwako, tofauti ni kama 64,000 kwa safari. Wikiendi arobaini kwa mwaka, milioni mbili na nusu. Miaka miwili milioni tano. Kwa matumizi yako dizeli inajilipia matengenezo yake yenyewe, hata ukifunga nozeli nne mpya mwanzoni.

Lakini anayesoma hapa yuko Tabata anakwenda Posta na kurudi, anatembea kilometa 7,000 kwa mwaka, tofauti yake ni laki sita na nusu tu kwa mwaka mzima. Huyo asiguse dizeli iliyotembea, hata miaka mitano haimrudishii, na foleni inaimaliza injini taratibu. Kaka wa Kibaha uliyesema na wewe unaitafuta, angalia kwanza uko kundi gani.

Kingine, bei ya kununua sio bei ya gari. Bei ni ya kununua pamoja na hela ya kuirudisha kwenye hali. Kama milioni 49 ndiyo yote uliyonayo basi wewe huna hela ya gari ya milioni 49, una hela ya gari ya 43.

#14 petroli_daima

Hesabu nzuri dada ila umesahau mafuta yenyewe. Uchakachuaji tunaujua, dizeli inachanganywa na mafuta ya taa, ukijaza kituo kibovu mara moja nozeli na pampu vimekwenda. Petroli haina hayo makali. Na huko ndani Mufindi atanunua kwenye madumu.

#15 fundi_pampu_gerezani

Hoja ya madumu ni ya kweli na naikubali, asiweke dizeli ya dumu kwenye hii gari kabisa, ana tenki kubwa ajaze Iringa au Mafinga inatosha kwenda na kurudi. Ila uchakachuaji sio ule wa kabla ya 2010, EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka ule, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mpaka faida ya kuchanganya ikapotea. Na toka 2015 dizeli ya Afrika Mashariki kiwango chake cha salfa ni 50 ppm. Kwa hii 120 ya 2008 inatosha kabisa, haina DPF (chujio la masizi kwenye ekzosi). Ila mkienda kwenye Prado 150, toleo lililofuata, za Uingereza nyingi zina DPF hapo ni mjadala mwingine.

Cha kufanya ni filta. Filta ya dizeli ibadilishwe mapema, orijino, na maji yaliyotuama chini ya filta yamwagwe. Pampu ya hii injini inalainishwa na dizeli yenyewe, maji yakipita imekwaruzika.

#16 makaratasi_kwanza

Mmeangalia injini yote hamjaangalia kadi. Mkuu omba kadi orijino, sio kopi. Namba ya chasisi na namba ya injini zilizoko kwenye kadi uzione kwa macho kwenye gari, maana nyingi zimeshafungwa injini za mtumba na TRA hawana taarifa. Hakikisha haikuingia kwa msamaha wa kodi, kama iliingia kwa msamaha na haijalipiwa utadaiwa wewe. Madeni ya trafiki, ada za maegesho za TARURA, kama kadi iko benki kwa mkopo, vyote viulizwe kabla hata senti haijatoka. Na mkataba usainiwe kwa mwanasheria, dalali sio shahidi.

Na mzee akikuambia alilipa ushuru mkubwa bandarini: ni kweli, gari ikizidi miaka 10 inaongezewa 30%, lakini hiyo ni gharama yake yeye, haiifanyi gari kuwa mpya.

#17 mkulima_mufindi

Wakuu nimerudi na majibu, samahani ni marefu.

Nilipanda SGR nikalala Dar, asubuhi mapema nikafika kwa mzee na fundi wa nozeli niliyemlipa mimi (sio wa dalali). Boneti ya baridi kabisa, mzee alisimamia ahadi yake. Imewaka kwa mkupuo wa kwanza lakini ilitetemeka na kutoa moshi mweupe unaochoma macho, ikatulia ilipoanza kupata joto. Fundi akasema dizeli haiungui yote asubuhi. Taa ya oili ilizima haraka. Kifuniko cha oili kilicheza, sio kuruka, ila kilicheza. Maji ya rejeta ni safi, hayana oili wala hayafanani na chai ya maziwa kama nilivyoambiwa niangalie.

Mashine imeonyesha nozeli tatu ziko karibu na sifuri na namba tatu inasoma 3.8 juu. Chini kutu ipo nyuma, tumegonga kwa nyundo kote haijatoboka, bomba moja la breki limeliwa. Nyuma mifuko ya upepo ya sasipensheni ilishatolewa ikafungwa springi. Mlimani imevuta vizuri, haina moshi mweusi, geji haikusogea, giaboksi laini. Namba za injini na kadi zinalingana, kodi ililipwa, kadi iko kwake mkononi. Mkanda hana risiti yoyote, alisema kwa uaminifu kwamba hajui.

Nikamwomba tushushe sampu kwa gharama yangu. Dalali akagoma akasema hakuna mnunuzi anayefungua gari ambayo sio yake. Mzee akakaa kimya halafu akakubali. Chujio la pampu ya oili lilikuwa na masizi meusi magumu, kama robo ya wavu imeziba.

#18 fundi_pampu_gerezani

Robo. Mshukuru Mungu na umshukuru mzee. Hiyo injini imewahiwa. Ingekwenda hivyo mwaka mwingine mmoja au miwili ya safari ndefu ingefia njiani Mtera huko.

Maoni yangu: gari ni ya kununua kwa bei ya gari yenye kazi ya kufanywa. Orodha yako ni nozeli, mimi ningefunga nne zote badala ya moja maana tatu zilizobaki zina umri uleule, washa na sili zake zote mpya, hita plagi, mkanda na tenshena na pampu ya maji kwa pamoja maana kazi ni ileile, sampu ioshwe na chujio jipya, bomba la breki, na chasisi isafishwe kutu ipakwe dawa. Hiyo sio kazi ya laki tatu, nozeli peke yake zikiwa orijino ni milioni kadhaa. Mpelekee mzee hiyo orodha imeandikwa na bei za dukani. Asiposhuka, ondoka bila hasira, Prado ni nyingi.

#19 petroli_daima

Mimi bado ningechukua petroli, sijabadilika. Ila nakubali kwamba kwa kilometa zako na kwa kuwa umeona sampu kwa macho, unajua unachonunua kuliko ambavyo ungejua kwenye 2.7 ya yadi. Usinunue juu ya 46.

#20 mkulima_mufindi

Tumemalizana wakuu. Nilimwachia mzee karatasi ya bei za spea, nikamwambia sina haraka. Amenipigia mwenyewe bila dalali kuwa katikati, tumefika 44.5, na dalali tumempa chake. Nilikuwa na 51 kwahiyo ya matengenezo ipo na haijaguswa. Tumesaini kwa mwanasheria, uhamisho wa umiliki uko TRA unaendelea. Gari haijaondoka Dar, imeingia gereji moja kwa moja, nozeli nne, mkanda, sampu, mabomba ya breki. Dodoma itafika ikiwa tayari.

Fundi swali la mwisho, oili niweke ipi na nibadilishe kila baada ya ngapi? Kitabu kinasema muda mrefu kuliko ninavyosikia mtaani.

#21 fundi_pampu_gerezani

Hongera. Kitabu ni cha Uingereza, barabara yako ina vumbi na milima. Kila kilometa 5,000, oili ya dizeli na filta orijino, usipitishe. Oili ya kwanza baada ya kufunga nozeli imwage mapema zaidi, kwenye 1,000 hivi, maana masizi yaliyobaki juu kwenye hedi yatashuka nayo. Kwa vumbi la huko filta ya hewa itazame kila unapomwaga oili. Na kila ukimwaga oili fungua kile kifuniko gari ikiwa sailensa, sekunde kumi tu. Ukiona kinacheza tena usisubiri kurudi Dar, zima, nipigie.

#22 kaka_wa_Kibaha

Mimi nimeona ya 2011, 150, Uingereza hiyohiyo, 3.0. Nakaa Kibaha nafanya kazi Mwenge. Vipi?

#23 hesabu_kwanza

Kaka, Kibaha na Mwenge kwa foleni ile, na DPF juu yake? Hapana. Chukua petroli.